Math.round, Math.floor au Math.ceil? Hiyo Shilingi 50 Atailipa Nani?

Tuseme wakulima watatu wa Mbalizi wameuza viazi pamoja na, baada ya gharama zote, wamebakiwa na shilingi 100,000. Wamekuomba uwaandikie programu ndogo ya kugawana. Unaandika 100000 / 3, JavaScript inakujibu 33333.333333333336. Sasa hiyo utampa nani mkononi? Sokoni chenji ndogo tuliyoizoea ni sarafu ya 50. Basi inabidi ukadirie.

JavaScript inakupa fankisheni tatu za kuanzia:

- Math.round huenda kwenye namba nzima iliyo karibu zaidi. Ikiwa ni nusu, hupanda. 2.4 inakuwa 2, 2.5 inakuwa 3.
- Math.floor hushuka daima. 2.9 inakuwa 2.
- Math.ceil hupanda daima. 2.1 inakuwa 3.

Ili kukadiria kwa hamsini-hamsini, gawanya kwa 50, kadiria, kisha zidisha tena kwa 50:

Math.round(100000 / 3 / 50) * 50 // 33350
Math.floor(100000 / 3 / 50) * 50 // 33300

Angalia vizuri. Ukitumia round, watu watatu watadai jumla ya 100,050, na kikundi hakina hiyo 50 ya ziada! Ukitumia floor, utalipa 99,900 na 100 itabaki kwenye mfuko wa kikundi. Hapa floor ndiyo salama.

Lakini si kila mahali. Una kilo 730 za viazi, na gunia moja linabeba kilo 100. Jibu ni 7.3. Round itakwambia magunia 7, na kilo 30 zitabaki shambani. Hapo unahitaji ceil: magunia 8.

Je, ukitaka desimali mbili? Tumia toFixed(2), ila kuwa makini na mambo mawili. Kwanza, inarudisha maandishi, si namba: (2.5).toFixed(1) + 1 inatoa "2.51", siyo 3.5. Pili, (1.005).toFixed(2) inatoa "1.00". Kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa mbili, na 1.005 haiingii humo kikamilifu. Inahifadhiwa ikiwa imepungua kidogo sana, kwa hiyo inashuka.

Ndiyo maana kwenye hela ni vizuri kufanya hesabu kwa shilingi nzima, kukadiria mara moja tu mwishoni, na kuhakikisha jumla ya malipo haizidi hela iliyopo.