DUFU, MGANDA NA HARUSI YA MWISLAMU

Ninyi mlioko Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, na ninyi wa milimani Mbinga mliotoka sasa hivi katika kahawa, kaeni tayari. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno matatu: DUFU, MGANDA, HARAMU. Yasomeni mara mbili kwa sauti, kisha nifuateni.

Dufu ni ngoma ndogo ya mviringo, imewambwa ngozi upande mmoja, nayo hushikwa mkononi. Mganda mnaujua kuliko mimi. Haramu ni jambo lililokatazwa na dini ya Kiislamu.

Basi, tuseme yuko mvuvi Mwislamu, mkazi wa kando ya ziwa, anamwoza binti yake. Majirani zake wengi ni Wakristo, maana mwambao huu uliwapata mapema wamisionari wa Kiangilikana waliokaa kisiwani Likoma tangu mwaka 1885, na baadaye Wakatoliki wa Peramiho. Majirani hao wamevua naye na kuzika naye. Wanakuja kumwambia: "Mzee, siku ya harusi tutaleta mganda, na akina mama watacheza kioda." Jioni mzee mmoja wa msikiti anamwambia: "Ndugu yangu, ngoma hiyo isiingie uani kwako." Afanyeje? Akikataa, majirani watadhani amewadharau. Akikubali, huenda Waislamu wenziwe wasile karamu yake. Si jambo dogo hilo kwa mtu ambaye kesho atahitaji mikono ya kuvuta wavu.

Kwanza tutazame dini yasemavyo. Katika Kurani hamna aya itajayo ngoma kwa jina lake. Kwa hiyo wanavyuoni huangalia zaidi Hadithi, yaani habari za maneno na matendo ya Mtume. Imepokewa kwamba siku moja ya Idi wasichana wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha. Abubakar, baba yake Aisha, akawakemea; lakini Mtume akasema waachwe, kwa kuwa ilikuwa sikukuu. Imepokewa pia kwamba Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini, na Bibi Aisha akawatazama. Lakini iko Hadithi nyingine ambayo ndani yake ala za muziki zinatajwa pamoja na zinaa na ulevi. Hapo ndipo wanavyuoni walipoachana njia.

Wengine wakasema ala zote ni haramu isipokuwa dufu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki huyafuata, dufu limeruhusiwa katika harusi na tohara. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba sauti nzuri si haramu kwa sababu tu ni nzuri. Yatazamwe maneno yaimbwayo, mahali, na jambo liamshwalo moyoni mwa msikilizaji. Hata hivyo, naye alizikataza ala zilizokuwa alama ya walevi.

Ndiyo maana msikiti mmoja hupiga dufu siku ya Maulidi, na mwingine hukataa. Ng'ambo ya ziwa letu, nchini Malawi, Waislamu wa Kiyao waligawanyika kwa jambo linalofanana na hili. Wafuasi wa tarika ya Kadiria walitaka kumtaja Mungu kwa sauti kubwa wakati wa mazishi. Wakaitwa watu wa sikiri. Wenzao walitaka maiti asindikizwe kimya. Wakaitwa watu wa sukuti, neno la Kiarabu lenye maana ya kunyamaza.

Sasa nataka mnisikilize vizuri, maana hapa wengi hushangaa. Mganda wenyewe umetoka wapi? Jamaa yake ni beni, na beni ilizaliwa Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, miongoni mwa vijana Waislamu. Waliiga bendi za Wazungu: kofia, vyeo, gwaride na tarumbeta. Katika vita ya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi waliichukua mpaka bara. Watu wa ziwani wakaifanya yao. Mahali pa tarumbeta wakaweka vibuyu vyenye utando, ambavyo hulia kama nyuki aliyekasirika, na vyeo vya kijeshi wakavibakiza. Hivyo ngoma ambayo mzee wa msikiti anaiona ya Wakristo ina babu Mwislamu!

Lakini hata huko pwani hawakuiridhia wote. Makundi ya beni yalishindana kwa karamu na mavazi mpaka watu wakaingia katika deni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeishi 1891 hadi 1947, alianzisha mwaka 1930 gazeti dogo la Kiswahili liitwalo Sahifa. Aliwaonya Waislamu wasiige starehe za Wazungu na kuiacha elimu yao na bidii yao. Na katika miaka hiyo hiyo Unguja ilikuwa ikimshangilia Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, Mwislamu, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri.

Turudi kwa mvuvi wetu. Mimi si sheikh, wala sitoi fatwa. Lakini naona mzee wa msikiti na aulizwe jambo gani hasa linamkera: ni ngoma, ni pombe ifuatanayo nayo, au ni kelele wakati wa sala? Mara nyingi ni pombe. Ikiwa ndivyo, mvuvi anaweza kwenda kwa majirani mapema, kabla hawajawamba ngoma zao, akawaeleza mwenyewe, wala asimtume mtoto. Nikaha isomwe nyumbani kwa dufu. Mganda uchezwe uwanjani, bila pombe, na unyamaze kwa adhana. Nyama achinje Mwislamu, kama desturi yetu ilivyo, ili wote wale sahani moja.

Sasa darasa ligawanyike sehemu mbili. Upande mmoja useme kwa niaba ya mzee wa msikiti, upande wa pili kwa niaba ya majirani. Kisha kila mtu aandike katika daftari lake sentensi tano ambazo mvuvi atawaambia wachezaji wa mganda.