Mfupa uliovunjika unaungaje? Mambo tunayojifunza kutoka kwa watafiti

Hapa Kalemie hakuna anayehitaji kuelezwa ajali ya pikipiki ni nini. Karibu kila kanisa letu lina mtu aliyevunjika mguu barabarani, bandarini au shambani. Wengine walipona vizuri. Wengine wanatembea na gongo hadi leo, na kazi yao ilikwisha siku ile. Ndiyo maana tumeona vema kueleza jinsi mfupa unavyoungana, na yale ambayo madaktari na watafiti wanazungumza wanapokutana katika makongamano yao.

Kwanza, mfupa ni kitu chenye uhai. Ukivunjika, damu inajikusanya mahali pale na kuganda. Mahali panavimba, na seli za mwili zinaanza kusafisha. Baada ya wiki mbili au tatu, tishu laini inashika vipande viwili. Kisha chokaa inaingia, na tishu ile inakuwa mfupa mgumu. Mkono wa mtoto mdogo unaweza kuungana kwa wiki chache, lakini mfupa wa muundi wa mtu mzima mara nyingi unahitaji miezi mitatu hadi mitano. Hata baada ya hapo mwili unaendelea kuurekebisha kwa muda mrefu.

Mwaka 2007 watafiti, akiwemo profesa Peter Giannoudis wa Leeds, Uingereza, walieleza kwamba kuungana kwa mfupa kunahitaji mambo manne pamoja: seli zilizo hai, kitu cha kuzishikilia, ishara za mwili za kuziamsha, na utulivu wa mahali palipovunjika. Likikosekana moja, mfupa unaweza kukataa kuungana. Hilo la nne ndilo linalotuhusu sisi nyumbani. Mfupa unaotikiswa kila siku hauungi vizuri. Kwa hiyo kukanda na kuvuta mguu uliovunjika kunaharibu kazi ambayo mwili umeanza.

Pili, yapo mambo yaliyojaribiwa karibu nasi, ng'ambo ya ziwa. Huko Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, madaktari walifuatilia wagonjwa 240 ambao muundi wao ulivunjika na kutoboa ngozi. Kundi moja liliwekewa chuma ndani ya mfupa, kundi jingine vyuma vya nje. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Baada ya mwaka mmoja, hesabu ya waliokufa au kurudishwa upasuaji haikuonyesha tofauti ya uhakika kati ya makundi. Lakini wenye chuma cha ndani walijisikia vizuri zaidi wiki za mwanzo, na mifupa yao ilinyooka vizuri zaidi.

Chuma hicho kinapatikanaje kwa maskini? Mwaka 1999 daktari Lewis Zirkle wa Marekani alianzisha shirika la SIGN. Chuma chao kinaweza kuwekwa bila mashine ya picha ndani ya chumba cha upasuaji, na kinatolewa bure kwa hospitali zinazohudumia maskini. Kila mwaka madaktari wa nchi nyingi wanakutana Richland kuonyeshana waliyofaulu na waliyoshindwa. Kwetu mashariki pia, hospitali ya HEAL Africa ya Goma ilianzishwa na daktari wa mifupa, Jo Lusi, pamoja na mke wake Lyn.

Basi sisi tufanye nini?

Mtu akivunjika, msimkande wala msijaribu kunyoosha. Fungeni mguu kwa mbao mbili na vitambaa, bila kukaza, ndipo mmpeleke. Vidole vikiwa baridi, vyeusi au vikifa ganzi, legezeni mara moja: kufunga kwa kukaza kumewafanya watu wengi kukatwa mguu. Kama mfupa umetoboa ngozi, funikeni kidonda kwa kitambaa safi na mkimbie hospitali siku ileile, kwa maana dawa ya kuzuia maambukizi inasaidia zaidi ikitolewa mapema.

Nyumbani, mgonjwa aache sigara, maana inachelewesha mfupa. Ndakala wa ziwa letu, wanaoliwa na mifupa yao, wana chokaa nyingi. Maharagwe na mayai pia ni msaada.

Tunajua kwa nini wengi wanabaki nyumbani: wanaogopa bei, au wanaogopa kukatwa. Hatuwadharau waunga mifupa wa kijiji, lakini tunawaomba wawatume hospitali wenye vidonda. Na tukumbuke Msamaria mwema: alifunga majeraha, akambeba yule mtu juu ya mnyama wake, kisha akalipa gharama. Kanisa lenye kasha dogo la wagonjwa linaweza kufanya hayo yote matatu. Mguu uliookolewa leo ni chakula cha nyumba nzima kesho.