Je, Wajua? Barua Pepe Iliyorudi Huja na Sababu Yake

Jina la Elwak, mji wa Kaunti ya Mandera ulio mpakani na Somalia, huandikwa pia El Wak na, kwa tahajia rasmi ya Kisomali ya mwaka 1972, Ceel Waaq, kwa kuwa katika tahajia hiyo herufi c husimama mahali pa ain ya Kiarabu na x mahali pa h nzito. Hivyo Hussein wa upande wa Kenya huwa Xuseen akivuka mpaka; watu hawatatiziki, lakini seva, yaani kompyuta inayopokea na kuhifadhi barua pepe, hulijua jina lililosajiliwa tu, herufi kwa herufi.

Seva inapoikataa barua, hutoa msimbo wa tarakimu tatu kufuatana na SMTP, utaratibu wa kupeleka barua pepe ambao Jon Postel aliuandika mwaka 1982: unaoanza na 5 hukataa kabisa, kama 550 kwa sanduku lisilokuwepo, na unaoanza na 4 huomba subira, ili seva inayotuma ijaribu tena kwa siku nne au tano kabla ya kukata tamaa. Wengi hudhani kwamba mtandao wa mpokeaji ukikatika Elwak barua hurudi, lakini sivyo. Sanduku la mpokeaji limo katika seva ya mbali, na barua humngojea humo.

Ofisi inayotangazia mamia ya watu huachia skripti, yaani programu fupi, kazi ya kusoma taarifa za barua zilizorudi. Skripti hutafuta sehemu ya taarifa iliyokusudiwa mashine, yenye namba kama 5.1.1 kwa anwani isiyokuwepo au 5.2.2 kwa sanduku lililojaa. Hii ya pili, ingawa huanza na 5, haitoshi kumfuta mtu katika orodha papo hapo, kwani sanduku lililojaa leo huweza kupunguzwa kesho. Ni heri kuhesabu marejeo kadhaa kwanza.

Baadhi ya seva huandika maelezo kiholela, na ndiyo sababu mwaka 1997 Daniel J. Bernstein alieleza mbinu ya kuipa kila barua anwani yake ya marejeo, yenye anwani ya mpokeaji ndani yake, ambapo alama ya = huchukua nafasi ya @. Barua ikirudi, anwani hiyo yenyewe humtaja aliyekosekana, hata kama maelezo hayaeleweki.

Taarifa yenyewe ya barua kurudi hutumwa bila anwani ya mtumaji, kwa makusudi, ili seva mbili zisirudishiane barua bila kikomo.