Hisabati Ndani ya Kroshia

Mfumaji wa kroshia huhesabu vitanzi bila kuandika lolote. Kitambaa cha duara hulala bapa iwapo kila mzunguko utaongezewa idadi ileile ya vitanzi, kwa mfano 6. Akiacha kuongeza, kitambaa hujikunja kama kofia. Lakini akiongeza kitanzi 1 baada ya kila vitanzi 5, nyongeza yenyewe hukua kila mzunguko. Kitambaa hukosa nafasi ya kulala, nacho hufanya mawimbi mithili ya jani la saladi.

Kwa njia hiyo, mwaka 1997, mwanahisabati Daina Taimina wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alifuma vielelezo vya jiometri ya haipaboliki. Vile vya karatasi vilivyotangulia vilichanika upesi.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa uzi na sindano ya kroshia. Wanafunzi na wakunje kitambaa hicho mara tatu, mikunjo ikutane na kufanya pembetatu kubwa, kisha wapime pembe zake. Jumla itapungua digrii 180. Hapo watatambua kwamba kanuni waliyoikariri ni ya uso bapa, na kwamba kazi idhaniwayo kuwa ya kupitisha wakati imebeba elimu.