Je, Wajua? Kufunga na Kula Mkesha wa Sikukuu za Wayahudi

Je, wajua kwamba kabla ya saumu yao kubwa kuliko zote, Wayahudi wameamriwa kula? Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, huwa tarehe 10 ya mwezi wa Tishri, na saumu yake huchukua saa 25 hivi bila chakula wala tone la maji. Tarehe 9, kula ni ibada. Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi, yaani walimu wa dini yao, inasema anayekula na kunywa siku hiyo huhesabiwa kana kwamba amefunga siku zote mbili, ya 9 na ya 10. Marabi waliitoa hoja hiyo katika Mambo ya Walawi 23:32, ambapo tarehe 9 inatajwa wazi. Wasomaji Waislamu watalinganisha na Ashura: Hadithi zinaeleza kuwa Mtume alipofika Madina aliwakuta Wayahudi wakifunga kwa kukumbuka Musa alivyookolewa kutoka mikononi mwa Farao. Mwislamu hupenda kuitangulia tarehe 10 Muharram kwa kufunga tarehe 9. Myahudi huitangulia tarehe 10 Tishri kwa kula.

Je, wajua kwamba kifungua mimba ana saumu yake mwenyewe? Tarehe 14 ya mwezi wa Nisani, mchana unaotangulia usiku wa Pasaka, vifungua mimba wa kiume hufunga kwa kukumbuka usiku ule wazaliwa wa kwanza wa Misri walipokufa na wa Israeli wakapona. Mtoto akiwa mdogo, baba humfungia.

Lakini wengi wao hawafiki jioni na njaa, na hapa ndipo sheria inaponivutia zaidi. Mtu anapomaliza kusoma kitabu kizima cha Talmudi hufanyiwa karamu, na karamu hiyo ina uzito wa ibada. Madrasa za pwani zinaijua furaha hiyo mtoto anapohitimu Kurani. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 14, baada ya sala, rabi au msomi mwingine hufungua ukurasa wa mwisho wa kitabu ambacho amekuwa akikisoma wiki kadhaa. Anasoma mistari iliyobaki, anaieleza, anasema dua ya kuhitimisha. Vifungua mimba wamekaa wanasikiliza. Kisha keki na vinywaji vinaletwa, kila mmoja anatamka baraka na kula kipande, na saumu imeondoka. Halazimiki tena kufunga siku hiyo. Wengine huita hiyo hila. Mimi naona ni sheria inayomwambia mtu kwamba elimu ya Torati ina nguvu ya kuondoa saumu, na hilo si jambo dogo.

Keki hiyo lazima iliwe mapema. Kuanzia mwisho wa saa nne ya mchana, chochote chenye chachu hakiliwi tena. Na saa hizo huhesabiwa tangu asubuhi, kama tunavyohesabu sisi Waswahili: saa nne ya marabi ni saa nne yetu, ikipungua au kuzidi kidogo kulingana na urefu wa mchana.

Na mikate isiyotiwa chachu? Mchana huo nayo ni marufuku. Inangojwa usiku, iliwe kwa hamu. Mishna, sehemu ya Talmudi yenye sheria za marabi, inakataza pia kula mlo alasiri ya siku hiyo mpaka giza liingie, na amri hiyo inamhusu hata maskini wa mwisho katika Israeli. Rav Sheshet, mmoja wa wanachuoni wa Talmudi, hakula kabisa mchana wa mkesha wa Pasaka. Alikuwa mtu wa tumbo dhaifu. Angekula mchana, usiku asingekuwa na hamu.

Je, wajua kwamba Saumu ya Esta ilikuja kukalia siku iliyokatazwa kufunga? Tarehe 13 ya mwezi wa Adari, siku moja kabla ya sikukuu ya Purimu, Wayahudi hufunga tangu alfajiri hadi nyota zionekane. Zamani tarehe hiyo ilikuwa ya shangwe: mwaka 161 kabla ya Kristo, kiongozi wa Wayahudi Yuda Makabayo alimshinda Nikanori, jemadari wa Washamu, na vitabu vya Wamakabayo vinasema ushindi huo uliwekewa sikukuu ya kila mwaka. Sikukuu hiyo ilififia. Katika karne ya 8 ndipo maandishi ya marabi yanapoitaja saumu ya siku hiyo. Wajawazito, wanaonyonyesha na wagonjwa husamehewa bila mabishano.

Tarehe 13 Adari ikiwa Sabato, watu hufunga Alhamisi, si Ijumaa. Ijumaa ni ya kuiandalia Sabato.

Je, umewahi kusoma Kitabu cha Yudithi katika Biblia ya Kikatoliki? Mjane huyo alifunga siku zote za ujane wake, isipokuwa Sabato, mwandamo wa mwezi, sikukuu, na pia mkesha wa Sabato na mkesha wa mwandamo. Sikukuu ililindwa tangu jana yake.

Je, wajua kwamba Rabi Akiva, mwanachuoni wa kale, aliwahi kufundisha kwa yai? Tarehe 9 ya mwezi wa Av, siku ya kuomboleza Hekalu la Yerusalemu, iliangukia Ijumaa. Swali likawa: mtu amalize saumu aingie Sabato na njaa, au afuturu kabla? Wakamletea yai lililopashwa moto kidogo tu, akalimeza bila chumvi. Talmudi inaeleza kuwa hakulitamani. Alitaka wanafunzi waione hukumu kwa macho yao. Kwa kalenda ya leo, 9 Av haiwezi kuwa Ijumaa.

Mkesha wa Mwaka Mpya wa Kiyahudi nao una desturi ya kufunga. Rabi Moses Isserles wa Kraków, katika karne ya 16, aliandika kwamba wengi hula kabla ya alfajiri ya siku hiyo. Sababu aliyoinukuu: mataifa mengine hufunga mikesha ya sikukuu zao, na Myahudi asionekane anawaiga.

Mgonjwa je? Siku yenyewe ya Yom Kippur, akisema anahitaji chakula, analishwa hata kama madaktari wanasema hakihitaji.

Basi msomaji, ukiwa na jirani au mwenzako kazini Myahudi, mchana wa kuamkia Yom Kippur mkaribishe chakula kwa moyo mweupe, ila asicheleweshwe, maana lazima amalize kabla ya jua kuchwa. Mkesha wa Pasaka usimpelekee maandazi, mpelekee machungwa. Na kama ni kifungua mimba, mwulize kwanza kama amefunga.