Nani Aliua Diskasheni Yenu?

Semi ikikaribia kuisha, cheki grupu ya WhatsApp ya klasi. Wasee wenye hawajawahi type kitu tangu ifunguliwe wanafufuka: "Kuna mtu ako na pepa za kitambo?" "CAT ya pili ilikuwa lini?" "Manze diskasheni ni kwa nani?" Ndio hapo unajipata kwa keja ya msee mtaa wa Gachororo, mbogi nzima imejibana kwa kitanda moja, mwenye keja anapiga hesabu ya tokeni za stima.

Diskasheni ya aina hiyo huwa inakufa na kifo moja tu. Kuna ule msee mnoma wa namba. Anashika felt pen, anaruka step tatu, anasema "hii si iko wazi?" na watu wanaitikia na kichwa. Muulize hiyo minus imetoka wapi, atakuangalia ni ka umemkopa thao. Nusu saa baadaye imekuwa leka ingine, mbaya hata kuliko ya mchana. Genius analala akiwa amerivise fiti. Wewe unarudi na mapicha za ubao kwa simu.

Hii story kuna watu waliichangamkia kitambo. 1973, chuo inaitwa University of Missouri-Kansas City huko Marekani, Deanna Martin alikuwa anasaka njia ya kusaidia wanafunzi wa udaktari, meno na famasia wenye walikuwa wanaangushwa na masomo. Akaunda form inaitwa Supplemental Instruction. Ujanja wake ni huu: usisake msee amelemewa, saka yuniti inalemea watu. Ka 30% ya klasi wanapata D, F ama wanaihepa, hiyo yuniti inapewa msaidizi, na mlango iko wazi kwa kila mtu. Hapo aibu inaisha. Nani atakucheka ukiingia, na hata yule wa first class ako ndani?

Msaidizi mwenyewe ni mwanafunzi tu. Hiyo yuniti aliifanya na akaipita poa. Anarudi kwa leka, anaketi na nyinyi, anaandika notsi ka nyinyi, na kawaida analipwa. Kwa kikao ako na sheria moja ngumu: asifundishe upya. Ukimrushia swali, anakurudishia, ama anampatia mwenye ameketi kando yako.

Inakaa uchokozi, lakini cheki. Swali ni kuintegrate x mara eˣ. Msee amechukua eˣ ndio u, sasa x imegeuka x² juu ya mbili, na kila laini swali inazidi kunona. Msaidizi hamwambii "chukua x." Anauliza, "Kati ya hizo mbili, ni gani ukiidiferenshiet inaisha?" Kimya. Dame wa nyuma, yule haongeangi, anasema, "x. Inabaki moja." Anaambiwa, "Haya, kuja umuonyeshe." Dame anachapa laini mbili kwa ubao, na jamaa anaanza kujicheka.

Eric Mazur, profesa wa fizikia Harvard, alianza kitu inafanana na hiyo 1991. Anarusha swali kwa klasi, kila mtu anajibu kivyake, mnabishana na jirani, mnajibu tena. Majibu poa zinaongezeka kabla yeye afungue mdomo. Enyewe, mwenye ameelewa jana bado anakumbuka alipotelea wapi. Profesa alisahau kitambo sana.

Hapa kwetu kuchelewa ni bei ghali. Campo mob, CAT ni 30, mtihani 70, pasmaki 40. Ukishika sup, hata ujibu ka mwenye aliandika kitabu, unaandikiwa 40 na unashukuru. So anzeni wiki ya pili, wasee watano ama sita. Tafuteni mtu wa mwaka wa juu mwenye hiyo yuniti ilimtesa kiasi kabla aishike. Huyo hufunza poa kuliko yule alizaliwa akiijua. Mchangieni smocha na nauli, msimtumie bure. Na felt pen ishikwe na mwenye hajaelewa, hata ka mkono inatetemeka.

Lakini lazima atakuja mmoja na asainment, akitaka tu imalizwe. Huyo mwambieni kuna wasee mtaani huandikia wanafunzi wa majuu maesei. Hiyo ni biz ingine, na haina deni.