Nukushi ya dola 12

Tulipoongea kwenye kipindi kuhusu sisi watoto wa kujaza fomu, wengi mlinicheka niliposema nyumbani kwetu Columbus kuna mashine ya faksi, tena inafanya kazi. Binamu yangu wa Leicester ndiye aliyecheka kuliko wote. Kule England hospitali za umma zilipigwa marufuku kununua mashine mpya za faksi tangu Januari 2019, kwa hiyo kwake yeye ni kama nimesema tuna punda wa kubebea maji. Haya, chekeni, mkimaliza mkae niwasimulie.

Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Mwaka jana goti lake lilimshinda kabisa, daktari akasema lazima lipasuliwe. Sasa, Marekani kuna sheria ya mwaka 1993 inayomruhusu mfanyakazi apumzike kwa ugonjwa hadi wiki 12 bila kufukuzwa. Hulipwi, lakini kazi inakungoja. Masharti yapo: uwe umefanya kazi hapo mwaka mzima, saa zisipungue 1,250 katika miezi 12 ya karibuni, na mwajiri awe na watu 50 au zaidi. Mama alikuwa nayo yote. Ila mwajiri ana haki ya kudai fomu iliyojazwa na daktari, na muda anaotakiwa kukupa ni siku 15 angalau. Wa mama alimpa hizo hizo 15, hakuongeza hata moja.

Tukapeleka fomu kwa daktari siku ya pili. Siku ya sita wakatuambia tayari, tumeshaituma kazini kwa faksi. Siku ya nane mama akapiga simu kazini: hatujapata kitu. Tukarudi kwa daktari: sisi tumetuma. Kazini: hamna kitu. Si mnaujua huo mchezo? Kila upande una adabu sana na hakuna anayeinuka kwenye kiti. Nikawaomba wa daktari wanitumie mimi kwa barua pepe. Hawatumi barua pepe kwa wagonjwa. Wanatuma kwa posta, au kwa faksi.

Posta ilikuwa kujitakia kuchelewa. Maktaba ya karibu nasi ina faksi, lakini ya kutuma tu, kupokea hapana. Zipo programu za kwenye simu pia, unalipia kwa mwezi unapewa namba ya faksi, na niseme ukweli, kama wewe unatuma karatasi mbili kwa mwaka, chukua hiyo uachane na mimi. Nilitaka kufanya hivyo. Mama akakataa. "Goti langu, dawa zangu, tarehe yangu ya kuzaliwa, vyote uvipitishe kwa mtu nisiyemjua?" Nikamwambia hata laini ya simu mtu anaweza kuisikiliza. Akanitazama tu. Na mguu wake ulikuwa juu ya stuli, umevimba. Nikaona isiwe tabu.

Basi nikaenda duka la mitumba. Nyuma kabisa, kwenye rafu ya printa zilizokufa, ipo mashine ya faksi ya kijivu yenye simu yake ubavuni, dola 12. Kama na wewe utanunua ya namna hii, usiilipie kabla hujaichomeka kwenye umeme palepale dukani. Weka karatasi yoyote yenye maandishi, bonyeza kitufe cha kunakili. Ikitoa nakala safi, kichwa cha kusomea na cha kuchapia vyote vizima. Ikitoa mstari mweusi wima kutoka juu hadi chini, usiogope, mara nyingi ni uchafu tu kwenye kioo cha kusomea. Kitambaa na spiriti kidogo vinatosha. Ya kwangu ilitoa mstari na nusu ya chini ikawa imefifia. Mstari nilishajua ni uchafu. Kule kufifia ndiko sikukuelewa.

Kumbe ni utepe. Hizi za bei rahisi nyingi hazina tangi la wino. Zina utepe mweusi mwembamba kama wa nailoni, mpana kama karatasi, unaojikunja kutoka mkunjo mmoja kwenda mwingine, na kila ukurasa unakula kipande chake. Hakirudi. Ukiisha, unanunua mwingine, na mwingine wangu ulikuwa dola 19. Utepe ghali kuliko mashine! Kwa hiyo angalia bei ya utepe kwanza, mashine baadaye. (Mashine za zamani zaidi zinatumia karatasi ya joto, haihitaji wino wala utepe, ila maandishi yanafutika yenyewe polepole. Kwa karatasi ya daktari, achana nazo.)

Siku ya kumi na moja. Nikaiweka jikoni karibu na boksi la intaneti, maana simu yetu ya mezani inapita humo, tunalipia kwa sababu ya bibi tu. Mashine ina matundu mawili nyuma, moja la laini ya ukutani na moja la kuunganishia simu nyingine. Nilikosea, nikachomeka la pili. Dakika 40 nazunguka mashine bila kusikia mlio wa laini. Mdogo wangu akapita, akachomoa, akachomeka la kwanza, akaenda zake na bakuli lake la nafaka. Hajasema neno.

Nikawapigia wa daktari, nikawapa namba ya nyumbani. Baada ya saa moja simu ikalia, mashine ikaitikia yenyewe, ikapiga ule mlio wa kukwaruza, na karatasi zikaanza kutoka. Kurasa sita. Jina la mama, sahihi ya daktari, wiki 10 za mapumziko. Mama akazipanga mapajani kama picha za harusi.

Kutuma ndiko kulikokuwa shida. Ukurasa wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu unafika nusu, inakata. Nikarudia mara nne, na kila mara ni pale pale ukurasa wa tatu. Nilikuwa karibu kulia, sitawaficha.

Sababu niliijua baadaye. Faksi inasoma karatasi mstari kwa mstari, inageuza weusi na weupe kuwa sauti, na mashine ya upande wa pili inageuza sauti kuwa mistari tena. Wazo lenyewe ni la kale kuliko simu: Mskoti Alexander Bain alipewa hataza yake mwaka 1843, na Bell alipewa ya simu 1876. Laini ya zamani ya waya ilibeba sauti hiyo mfululizo. Simu inayopita kwenye intaneti inaikatakata vipande vidogo, na kipande kimoja kikipotea wewe unayeongea na shangazi husikii tofauti, ila faksi inachanganyikiwa. Kadiri inavyotuma kwa kasi na kurasa zinavyozidi, ndivyo nafasi ya kukwama inavyoongezeka.

Mama alikuwa amekaa pale pale, mguu kwenye stuli. Akasema, "Haina ya ng'ambo hiyo?"

"Ng'ambo gani?"

"Menyu yake. Tafuta ya kutuma ng'ambo, inakwenda taratibu. Sisi tukituma Ujerumani bila hiyo haifiki."

Nikageuka. Sisi nani? Jamani, nina miaka 24 na nilikuwa sijui kwamba mama yangu alikuwa katibu muhtasi Dar es Salaam, kwenye ofisi ya kampuni ya meli, na kwamba mashine ya faksi ilikuwa meza yake. Miaka miwili mizima! Mimi namjua mama wa zamu ya usiku na viatu vyeupe. Akaniambia namba zilianza na 051 enzi hizo, laini zilikuwa na kelele kama mvua kwenye bati, na bosi wake hakuiita faksi. Aliandika *nukushi*. Kwenye vichwa vya barua rasmi za Tanzania utaliona hilo neno, Simu kisha Nukushi. Mimi nililiona mara nyingi kwenye barua za mjomba nikadhani ni jina la mtu.

Nikatafuta kwenye menyu. Ipo. Nikaiwasha, nikashusha na kasi hadi 9600, nikazima ile kazi ya kusahihisha makosa, ambayo kwenye laini nzuri inasaidia lakini kwenye laini ya intaneti ndiyo inayoganda mara nyingi. Zikaenda sita zote. Mashine ikatoa karatasi ya ripoti: namba, kurasa 6, OK.

Mama akaichukua ripoti, akavaa miwani. "Hii tarehe gani?"

Januari 1, 2008. Saa ya mashine ilikuwa imejirudisha nyuma ilipochomolewa, na hiyo tarehe ndiyo iliyochapwa juu ya kila ukurasa uliofika kazini kwake. Fomu yenye siku 15 za mwisho, imetumwa miaka mingi kabla ya goti kuuma. Sheria ya Marekani inataka kila faksi iwe na tarehe, saa, jina la anayetuma na namba yake. Mimi sikuweka hata kimoja. Mama akanielekeza, akanisubiri, tukatuma tena, na safari hii na karatasi ya mbele aliyoiandika yeye kwa mkono: kwa nani, kutoka kwa nani, kurasa ngapi pamoja na hii. "Kurasa ngapi pamoja na hii" aliikazia sana. Asipohesabu wa upande ule, hatajua kama moja imepotea. Halafu akapiga simu palepale, hakungoja kesho. Akamwambia dada wa rasilimali watu abaki kwenye laini, aende kwenye mashine, ahesabu. Tukamsikia anahesabu. Saba.

Likizo ikakubaliwa siku ya kumi na nne. Goti sasa linapanda ngazi, linalalamika lakini linapanda.

Kitu kimoja nisisahau, kwa wenye mashine za utepe. Nilipobadilisha ule wa kwanza niliufungua kwa udadisi nikaunyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Kila ukurasa ulioingia umebaki mle, herufi nyeupe kwenye weusi, unasomeka wote: jina, tarehe ya kuzaliwa, goti. Na kabla ya goti la mama, ukurasa na robo wa karatasi za kodi za mtu nisiyemjua, mwenye mashine wa zamani. Sikusoma. Sawa, nilisoma kidogo. Tukaukata vipande kwa mkasi, mimi na mama, tukavigawa kwenye mifuko miwili ya taka.

Siku hizi habari imesambaa. Jumamosi iliyopita alikuja mama mmoja wa Bukavu, jirani wa ghorofa ya chini, na karatasi 11 za bima na chupa ya chai. Mama akamwambia keti dada, akaweka miwani, akazigonga karatasi mezani mara mbili zinyooke. Akabonyeza namba akisema kila tarakimu kwa sauti, akainamisha kichwa kuelekea kwenye spika. Ikaita. Ikaita tena. Kisha ule mlio.

"Ameshika," akasema.